Nyumba Iliyofuata

Kila mwenye picha ya baba yangu ukutani ana la kusema juu ya wema wake. Alikuwa mpole, hakuwa na makuu, alikula alichopewa, watoto walimpenda. Nimeyasikia hayo mara thelathini na tatu, kwa simu na kwa barua, na mara zote nimeitikia "naam, naam" huku nimeuma meno. Mimi ndiye niliyemtengenezea orodha ya picha zake kwenye mtandao. Ukiifungua utadhani imetengenezwa na mtu aliyempenda.

Nianze na jinsi alivyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa kitu. Baba alikuwa mchora vibao. Duka la dawa, kinyozi, gereji, "Usikojoe hapa", yote hayo aliyaandika yeye, na ndiko tulikokula. Hizi picha ambazo leo watu wanaziita hazina alizichora katika nyumba za watu waliompa malazi akiwa safarini na vibao vyake. Akifika mji mpya anakaribishwa na mtu, anakaa wiki mbili, tatu, na jioni akishatoka kwenye vibao anawachora wenyeji wake. Picha ikiisha, anaondoka nayo. Pale haiachi. Anaibeba mpaka nyumba inayofuata, anaitoa kuwa shukrani ya kulala, anaitundika kwa mkono wake, kisha anaanza kuwachora hao wapya. Akiwamaliza, safari. Kwa hiyo mwenye nyumba ya pili ana picha ya watu wa nyumba ya kwanza, wa tatu ana ya watu wa pili, na hakuna hata mmoja mwenye picha yake mwenyewe. Watu wameishi miaka hamsini wakitazama sura za wageni ukutani wasijue ni akina nani.

Wanaomsifu wanasema aliwahi kueleza kwamba mtu akijitazama kila siku hujichoka, lakini akimtazama mgeni atajiuliza habari zake. Maneno matamu sana. Mimi nasema huyo ni mwanamume aliyejitafutia sababu ya kutokaa mahali.

Kwetu alikuwa akija na kuondoka. Wiki mbili yupo, miezi miwili hayupo. Kwetu hakuchora chochote, hata mlango hakuupaka rangi. Mama alimwomba amchore tangu wamefunga ndoa, akawa anampiga chenga: leo mwanga mbaya, kesho rangi zimekwisha. Nilipofika miaka saba, akarudi kutoka safari moja na picha ya mwanamume anayeziba pancha ya baiskeli. Akaitundika sebuleni kwetu. Kesho yake akamwambia mama avae nguo nzuri, akae dirishani, anipakate.

Siku tatu tulikaa pale. Nilikatazwa kujikuna. Mama alipaka nywele mafuta asubuhi na mchana, akawa anaimba jikoni, akawaambia majirani wote kwamba sasa zamu yake imefika. Mtu mwenye akili zake timamu angejiuliza: huyu anatundika picha kwangu kama anavyotundika kwa wenyeji wake, na anatuchora kama anavyowachora wenyeji wake, sasa baadaye kitafuata nini? Sisi tulifurahi. Siku ya nne aliishika ile picha ingali mbichi, ameitenga na shati lake isije ikamchafua, akasema anakwenda kuitafutia nyumba. Hakurudi.

Hapo ndipo mama yangu aliponishinda, na ananishinda mpaka leo. Wengine wakiachwa wanalia, wanatukana, wanaolewa na mwingine. Mama hakukubali kwamba ameachwa. "Ametuchukua," ndivyo alivyosema. Yaani tuko mahali fulani, ukutani, tunatazamwa, na mtu hachori kwa siku tatu kitu asichokipenda. Shangazi alipokuja kumwambia aache ujinga, alimjibu, "Wewe umeolewa mara mbili, nani kakuchora?" Shangazi akachukua mkoba wake akaenda zake. Nimekua na hayo. Nikawa na hasira za watu wawili, zangu na zake, maana yeye zake hakuzitaka.

Miaka tisa iliyopita mchora vibao mwenzake alituletea habari kwamba baba amefia mji wa mbali na amezikwa na watu tusiowajua. Mama alilia wiki nzima. Mimi nilikwenda kazini.

Kazi yangu ni maktaba ya chuo. Kitabu kikiingia, mimi ndiye ninayekiandikia ni cha nani, cha lini, kinakaa wapi. Basi baada ya baba kufa, ukumbi mmoja wa maonyesho ukaonyesha picha zake tatu, magazeti yakaandika, wataalamu wakaanza kutafutana, na Mkuu wa maktaba akapata ufadhili wa kuziorodhesha zote zilipotapakaa. Akaniita ofisini. "Nasikia ni mzee wako," akasema. Nikamwambia simjui sana huyo mzee, ila kazi nitaifanya, kwa sharti jina langu lisiandikwe popote. Akadhani ni unyenyekevu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta picha moja. Mwezi ule ule daktari wa macho alikuwa amemwambia mama kwamba presha ya macho imeshamla pembeni zote, amebakiwa na katikati tu, na hiyo katikati inaweza kukaa mwaka au isifike. Mama alitoka pale ameshika ukuta. Tulipofika kituoni akaniambia, "Basi hiyo kazi yako ifanye upesi. Nataka nituone kabla macho hayajafunga." Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kuingia ofisini na wa mwisho kutoka, si kwa sababu ya sanaa.

Tulikuwa wawili, mimi na Fundi wa mitambo, mwanamume aliyebakiza miaka miwili kustaafu, ambaye huzungumza na kompyuta kama mkulima anavyozungumza na punda. Yeye alitengeneza fomu: mwenye picha anapiga picha kwa simu, anaandika jina lake, mahali alipo, na habari anazozijua, anatuma. Chini ya kila picha akaweka sehemu ya mtu aliyechorwa kubonyeza na kusema "Ni mimi". Tukabishana jambo moja tu. Fundi alitaka kila kinachotumwa tukipitie kwanza ndipo kionekane. Nikakataa katakata. Miaka thelathini nimeona wataalamu wakifuta maneno ya watu na kuandika yao juu yake. Nikamwambia maneno ya mwenye picha yataingia kama yalivyo, saa ile ile, na mimi sitagusa hata nukta.

"Utajuta, dada," akasema.

"Nikijuta nitajuta mwenyewe," nikamjibu. Nina mdomo, najua.

Picha zikaanza kuingia. Mwenye bucha mmoja alikuwa ameziba dirisha kwa picha ya bibi anayechambua mboga, akashangaa kuambiwa aitoe. Mkunga mstaafu alikuwa na picha ya vijana wawili wakicheza drafti, na kwa miaka mingi amewaambia wageni kuwa ni shemeji zake, kwa sababu alichoka kuulizwa. Tulipoziweka hewani wale waliochorwa wakaanza kujiona. Mshona viatu mmoja alijiona akiwa na miaka kumi, amesimama na marehemu babu yake, akapiga simu, akawa anarudia jina la babu tu. Fundi alivua miwani akaifuta. Mimi nikamsomea namba ya ukurasa wake, nikakata simu, nikaenda msalani kukaa.

Mnyororo ukawa unaungika. Nyumba hii ina picha ya nyumba ile, ile ina ya kabla yake. Fundi aliuchora kwenye ramani, mstari mwekundu unaruka mji hadi mji, na kila tulipoufuata ulitufikisha kwetu. Picha ya thelathini na nne ni ile ya pancha, iliyoko sebuleni kwa mama. Ya thelathini na tano haikuwepo. Baada ya nyumba yetu, hakuna nyumba. Wataalamu wakaandika kwamba hapo ndipo msanii "alipoingia katika ukimya". Nilisoma hiyo mara mbili nikaitupa.

Mama nilimnunulia tableti. Kila asubuhi anaiweka kwenye magoti, anainamia mpaka pua inakaribia kioo, anatembeza kidole kama nilivyomfundisha. "Imeingia?" ananiuliza nikiwa navaa viatu. Namwambia bado. "Itaingia," anasema. Miezi saba.

Iliingia Jumanne saa nne asubuhi. Fundi akageuza kiti. "Dada, umejaza fomu mwenyewe? Ukitaka kuijaribu niambie, nitakufungulia ya majaribio."

"Sijajaza kitu."

"Jina ni lako hapa."

Nikaenda kutazama. Lilikuwa langu, la kwanza na la baba, hakuna herufi iliyozidi wala kupungua. Nikamwambia mtambo wake umechanganyikiwa. Akasema mtambo wake hauna matatizo, na ukiwa na matatizo huwa unamwambia. Nikafungua picha.

Mama yangu. Kijana, jamani, kijana kuliko nilivyo mimi sasa. Amefunga mdomo katika kutabasamu kwa sababu ya lile pengo la jino lililomkera maisha yake yote, na yule mwanamume ameliona hilo akalichora, mdomo unaoficha kitu. Mimi nimelala kifuani kwake, mguu mmoja kiatu kimefunguka. Macho ya mama yanamtazama anayemchora, na aliyemchora hakukosea kitu mle ndani. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mama yangu amewahi kutazamwa namna hiyo. Nilifurahi. Sitaki kusema uongo, kwa pumzi mbili tatu nilifurahi na nikamsamehe karibu nusu.

Kisha nikasoma chini.

"Hawa ni mke wa kwanza wa marehemu baba yangu na binti yake. Walifariki kwa homa ndani ya wiki moja. Baba alifika nyumbani kwa bibi yangu akiwa na picha hii na mkoba wa brashi, hana kingine, akapewa chumba, na hakuondoka tena. Alimwoa mama. Mimi ndiye mzaliwa wao wa pekee, nikapewa jina la marehemu mtoto lisije likapotea. Mama naye ameshatangulia. Kila mwaka tunawakumbuka wote, kama baba alivyotuagiza."

Nilisoma mara nne. Fundi alikuwa amesoma pamoja nami, nyuma ya bega langu, na yeye anajua mimi ni binti wa nani. Alikwenda akafunga mlango wa ofisi, akarudi kukaa kwake, na kwa hilo nitamshukuru daima.

Alituua. Hakutuacha tu, maana wanaume wanaoacha ni wengi na wengine hata hutuma salamu. Huyu alitembea na picha mbichi mkononi, na mahali fulani njiani, au mlangoni pa watu, alipoulizwa hawa ni akina nani, akaona ni rahisi zaidi tufe. Kisha akachukua jina langu akampa mtoto mwingine, kama mtu anayehamisha kibao cha duka lililofungwa. Miaka yote aliyokuwa hai nilikuwa nikimngoja baba arudi, na huku tayari ameshapata binti mwingine wa kumwita hivyo hivyo.

Namba ya simu ilikuwepo kwenye fomu. Nikapiga nikiwa na maneno yangu yote mdomoni.

"Naam," ikajibu sauti ya mwanamke, na nyuma yake cherehani ikanyamaza.

"Napiga kutoka maktaba. Kuhusu picha."

"Dada wa maktaba, jamani, mmenipigia upesi hivyo? Nilidhani nimekosea kujaza. Ngoja nikae." Akakaa, nikasikia kiti. "Nimesikia redioni mnatafuta picha za baba, nikawaambia wenzangu hii yetu lazima iingie. Inaonekana vizuri? Kioo cha simu yangu kina ufa."

Nikamuuliza kama wana picha nyingine.

"Hamna. Hiyo moja tu. Sisi hakutuchora hata siku moja, dada. Mama alimwomba mpaka akachoka. Mimi nilimwomba siku ya harusi yangu, nikamwambia nipe zawadi hiyo moja. Akaniambia, 'Nikikuchora nitaondoka.' Tukawa tunacheka, tunasema mzee ana visa. Lakini roho iliniuma. Nilijua wale aliwapenda zaidi. Mimi alinilea tu."

"Alikuwepo nyumbani?"

"Kila siku. Alichora vibao vya hapa hapa mjini, saa kumi na moja yuko mezani ananisomesha. Hakulala nje hata usiku mmoja."

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilikuwa na kila haki. Lakini yule mwanamke alikuwa ananionea wivu, mimi, na mimi nilikuwa nimeshika simu namwonea wivu yeye, na sikujua nianzie wapi. Nikamwambia nitampigia tena. Nilipoweka simu ndipo nikakumbuka tableti. Ukurasa ulikuwa hewani tangu saa nne, kama nilivyoamuru mwenyewe. Nikapiga nyumbani, haikupokelewa. Nikachukua mkoba.

Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, tableti magotini. Alikuwa ameikuza ile picha mpaka kiatu changu kilichofunguka kikajaa kioo chote, kisha akawa anaisogeza taratibu, kipande kwa kipande, maana hawezi tena kuona yote kwa pamoja. Hakuinua kichwa.

"Nimesoma," akasema. "Kumbe tulikufa."

"Mama, nitaitoa sasa hivi."

"Utoe nini? Si umesema hugusi maneno ya watu?"

"Haya si maneno, ni uongo. Nabonyeza pale chini tu, nasema ni mimi, nasema tuko hai, dunia nzima ione alivyokuwa."

Akasogeza kidole mpaka kwenye uso wake mwenyewe, akaacha hapo. Halafu akauliza, "Umezungumza na huyo binti?"

"Nimezungumza naye."

"Alitulilia?"

Sikuelewa. Akarudia, kwa subira, kama anavyofanya nikiwa mzito: "Baba yako. Muulize, alitulilia?"

Nilikataa. Nikasema mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa, nikamwita marehemu majina yake yote. Mama alingoja nimalize, kisha akanyoosha mkono anaomba simu. Hawezi kuona namba, kwa hiyo ilibidi nipige mimi, na nikamuuliza yule mwanamke mimi, kwa sauti ya maktaba, kwamba tunataka kujua kwa ajili ya ukurasa, marehemu alikuwa akisema nini juu ya mkewe wa kwanza. Nikafungua spika.

"Hakuwa msemaji," akasema. "Ila siku ile ya kuwakumbuka alikuwa anajifungia na hiyo picha toka asubuhi. Akitoka macho mekundu, hali chakula. Mama alikuwa anamwachia. Mpaka amezeeka, dada. Mwaka aliokufa alishindwa kusimama, tukamletea picha kitandani." Kisha akaongeza, "Jumamosi hii ndiyo siku yenyewe. Si uje? Ulete kamera nzuri, maana hiyo niliyotuma ina ukungu. Tutakula pamoja."

Nikamwambia nitamjulisha. Mama alikuwa anatabasamu, amefunga mdomo vile vile.

"Unaona," akasema.

"Naona nini, mama? Mtu anakulilia na wewe uko hai, nauli ya siku moja? Alijua tunapoishi. Alikuwa anajililia mwenyewe."

"Najua." Akaiweka tableti kando, akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa. "Unafikiri sijui? Miaka yote hiyo unafikiri mama yako ni mjinga. Nilijua siku ile ile, alipotundika ile baiskeli. Nilipaka mafuta nikakaa dirishani nikijua. Nilisema acha basi anitazame siku tatu, maana hakuwahi kunitazama hata moja." Sauti haikutetereka. "Sasa nisikilize. Ukibonyeza hapo, mimi ni nani? Mke aliyekimbiwa. Watu watanionea huruma kwenye mtandao wako. Mwanamke aliye hai hakumtaka. Huyu aliyekufa kamlilia mpaka kitandani. Niachie huyo aliyekufa."

"Na mimi je?"

Ndilo nililouliza. Mtu wa miaka hamsini na mmoja, nimesimama mlangoni na mkoba begani.

"Wewe utaishi," akasema. "Niahidi."

Nikaahidi. Sikutaka, na mpaka leo sijui kama alikuwa na haki ya kuniomba, lakini alikuwa ananitafuta kwa macho akinikosa, anatazama fremu ya mlango, nikaahidi.

"Na Jumamosi uende," akaongeza. "Upige nzuri, isiyo na ukungu. Macho haya hayana muda."

Nilikwenda. Mabasi mawili, kisha kutembea kidogo kwenye mtaa ambao kila kibao chake kilikuwa mkono wa baba yangu: fundi saa, duka la mbegu, zahanati ya meno. Ile herufi yake ya kwanza yenye mkia niliijua tangu mlango wa kituo. Mji mzima alikuwa amewaandikia.

Yule mwanamke alinipokea kwa mikono miwili. Ana paji la uso langu. Nilingoja alione, au mumewe, au yeyote katika majirani waliojaa sebuleni, lakini mimi nilikuwa mgeni wa maktaba mwenye kamera, na watu huitazama kamera. Picha ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imefutwa vumbi. Nikapiga thelathini, za karibu na za mbali. Nikageuza nyuma kutafuta maandishi kama ninavyofanya kwa zote. Hakukuwa na kitu, mbao tu na misumari.

Kisha tukakaa. Mumewe akaongoza maombi, mafupi, ya watu waliozoea. Akamtaja baba, akamtaja mama mkwe wake, akamtaja mama yangu. Akataja jina langu, apumzike kwa amani mtoto huyo asiye na kosa. Nimeitwa jina hilo kwenye foleni za benki na kwenye mistari ya wagonjwa, sijawahi kuombewa nalo. Watu wakasema amina. Wakanisubiri, maana mgeni alikuwa amechelewa, nikasema amina.

Nilikula nilichopewa. Sikuwa na makuu. Nilipoaga, mwenyeji wangu akanisindikiza mpaka nje ya lango, amevaa kandambili, anafuta mikono kwenye gauni. Akasimama. Nikaona ana neno.

"Nikuambie kitu cha kitoto?" akasema. "Mimi ni peke yangu, baada yangu mama hakupata mwingine. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napanda kwenye kabati nazungumza na yule mtoto. Jina letu moja, basi naona ni mwenzangu. Namwambia nani kanipiga shuleni. Na mpaka leo, dada, mtu mzima mimi, kuna siku nafikiri tu, asingekufa yule. Ningekuwa na dada yangu." Akacheka kidogo, kwa aibu, akanitazama akingojea nami nicheke.

Nikamwambia pole.